Jinsi ya kuuona ukuta wa seli kwa kitunguu, hamira na maji ya bahari: mwongozo kamili

Jumamosi moja kijana wa kidato cha pili aliinua kichwa kutoka kwenye hadubini akapaza sauti chumba kizima kisikie: ameiona seli ya shavu lake, na ina ukuta mnene, mweusi, wa mviringo kama mdomo wa sufuria. Nikachungulia. Kilichokuwepo ni povu la hewa lililonaswa chini ya kioo. Nikamwambia aguse kioo kwa ncha ya penseli, na ile "seli" ikateleza ikaenda zake mpaka pembeni. Wenziwe walicheka, lakini mimi sikumlaumu. Povu la hewa lina ukingo mzito kuliko seli yoyote utakayoitazama, na vitabu vyetu vilikuwa vimemzoesha kwamba ukuta ni ule mstari mnene wa nje.

Tangu siku hiyo mada hii naifundisha kinyumenyume. Mchoro unakuja mwisho. Kwanza mwanafunzi ajue kwamba ukingo si ukuta, maana kila kitu chini ya hadubini kina ukingo, hata vumbi. Ukuta hujulikana kwa kazi yake, na kazi hiyo huiona pale unapoyavuta maji yatoke kwenye seli, au unapoyaachia yaingie mpaka seli ifurike. Hapa ndipo sisi wa Mombasa tulipobahatika: dawa ya kuvuta maji imetuzunguka kisiwa kizima, na haiuzwi.

Kabla ya kugusa kioo

Seli ya mmea, ya kuvu na ya mnyama, zote tatu zina utando. Utando ni ngozi laini ya mafuta na protini yenye unene wa kama nanomita 8 hivi, na ujue nanomita milioni moja ndizo milimita moja. Hadubini ya kawaida ya shule, hata uisugue lenzi namna gani, haitenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200. Kwa hiyo utando wenyewe hutauona. Utaona mahali ute wa seli unapoishia, basi.

Ukuta uko nje ya utando. Kwa mmea umefumwa kwa nyuzi za selulosi, zikashikizwa kwa hemiselulosi na pektini. Na penye kazi nzito, kama kwenye shina la mti, humiminwa lignini katikati ya nyuzi hizo kama zege juu ya nondo. Kwa kuvu, yaani uyoga, ukungu na hamira, ukuta ni wa glukani na kitini (hakihusiani na kiti), na upande wa nje hupakwa protini zilizobeba sukari. Kitini ndicho kilichotangulia kujulikana: Mfaransa Henri Braconnot alikipata kwenye uyoga mwaka 1811, na selulosi ikatengwa na Mfaransa mwenziwe, Anselme Payen, mwaka 1838.

Seli ya mnyama haina ukuta kabisa. Kinachozishikanisha seli zetu ni utandavu wa nje wa protini kama kolajeni, ambao hauizungushii kila seli boma lake. Kwa sababu hiyo seli nyeupe ya damu inaweza kujikunja, kupenya mahali pembamba na kumzingira kijidudu ikammeza. Seli ya mchicha haiwezi hilo hata siku moja.

Vya kutafuta

Kitunguu maji chekundu, kile kilichoiva rangi ya zambarau. Marikiti au Kongowea hukikosi. Hamira kavu ya dukani. Maji ya bahari nusu chupa, uyachote penye maji safi wakati maji yamejaa, halafu uyachuje kwa kitambaa ili usije ukakesha unatazama mchanga. Maji baridi, nikimaanisha yasiyo na chumvi: ya mvua au ya chupa. Ya kisima usiyatumie kwa kazi hii, kwa sababu visima vingi vya huku vina uchumvi, na jaribio linahitaji maji mawili yanayotofautiana waziwazi.

Kwenye duka la dawa nunua iodini ya vidonda, GV (ile dawa ya zambarau ya kupaka mdomoni), sirinji ndogo bila sindano iwe kitonyeshi, na glavu. Nyumbani chukua wembe mpya, kibanio cha nyusi, tishu, pamba za masikio na rula ya plastiki inayopitisha mwanga.

Hadubini yenye lenzi za 4, 10 na 40 na jicho (lenzi ya juu unayochungulia) la 10 inatosha kwa kila kitu humu. Ile ya karatasi iitwayo Foldscope, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, hukuza kama mara 140. Kitunguu utakiona vizuri, hamira itakusumbua. Na usiye na hadubini usiondoke. Glasi za damu na sufuria ya mbaazi ni zako.

Kitunguu, ndani ya maji na ndani ya bahari

Kata kitunguu mara nne, utenge ganda moja nene lenye maji. Upande wa ndani, uliobonyea, una ngozi nyeupe inayobanduka kirahisi, na ndiyo walimu wengi huitumia. Sisi tunataka upande wa nje, uliobinuka, kwa sababu ndio wenye rangi. Chora kwa wembe mraba wa sentimita moja, juu juu tu, usizamishe. Inua pembe moja kwa kibanio na uvute taratibu ukilaza mkono. Ikitoka na nyama ya kitunguu, tupa, anza tena. Mimi hupata kipande kizuri kwenye jaribio la tatu au la nne, na sioni haya kusema hivyo mbele ya wanafunzi.

Tonyesha tone moja la maji baridi kwenye slaidi, kile kioo cha kuwekea unachotazama. Laza ngozi juu ya tone, inyooshe isijikunje. Kisha shika kioo cha kufunikia kwa mshazari wa digrii kama 45, kiguse maji kwanza kwa ukingo mmoja, ndipo ukilaze polepole. Haraka ndiyo inayozaa mapovu. Likibaki moja, ulishajua dawa yake: gusa kwa penseli uone kama linateleza.

Anza na lenzi ya 4. Utaona safu za vyumba virefu vilivyobanana kama matofali, vimejaa zambarau. Rangi hiyo imo ndani ya vakuoli, mfuko mkubwa wa maji unaochukua karibu nafasi yote ya seli. Usihame bado. Weka rula chini ya lenzi hiyo hiyo, upime upana wa duara unaloliona. Kwa hadubini nyingi za shule ni karibu milimita 4.5. Ukihesabu seli 15 zilizopangana kwa urefu kutoka ukingo hadi ukingo, gawanya: kila moja ina urefu wa kama milimita 0.3. Ndiyo, seli moja ya kitunguu inakaribia kuonekana kwa macho matupu.

Sasa hamia lenzi ya 10, uchague kundi la seli nne au tano zenye rangi nzito, na usilipoteze. Tonyesha tone la maji ya bahari ukingoni mwa kioo, upande wa kulia. Upande wa kushoto gusisha kipande cha tishu. Tishu itafyonza maji ya zamani, na bahari itaingia chini ya kioo kujaza nafasi. Rudia mara mbili. Jicho lisitoke kwenye lenzi.

Dakika moja, pengine mbili, hakuna kitu. Halafu kwenye pembe moja ya seli rangi inaanza kujitenga, kama mtu aliyevuta shuka kutoka kwenye kona ya kitanda. Pembe ya pili inafuata. Zambarau inasinyaa, inakoza, inajikunyata katikati, wakati mwingine inakatika vipande viwili vya duara. Na kile chumba? Kimesimama pale pale, kuta zake nne hazijasogea. Mstari uliobaki ndio ukuta wa seli. Ukingo wa lile bonge la zambarau ndipo utando ulipo. Kwa mara ya kwanza umevitenganisha viwili hivi kwa macho yako, na hukuhitaji dawa ya maabara.

Kilichotokea ni hiki. Kila lita ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, nyingi kuliko vilivyoyeyuka ndani ya kitunguu, kwa hiyo maji yametoka kwenye seli kuifuata chumvi. Sasa nakuuliza swali ninalowauliza wote, na wengi hulikosea: ile nafasi tupu kati ya ukuta na bonge la rangi ina nini ndani? Wengine hujibu hewa, wengine hakuna kitu. Ni maji ya bahari. Ukuta una matundu na huyapitisha maji na chumvi bila kuuliza. Anayekagua nani aingie na nani abaki nje ni utando. Ukuta ni boma, utando ni bawabu. Ukilishika hilo, nusu ya maswali ya mada hii yamekwisha.

Vuta tena, mara hii ukitonyesha maji baridi upande wa kulia. Usingoje muda mrefu ndani ya chumvi, dakika tano zikizidi seli nyingine hufa. Zambarau itavimba polepole irudi kwenye pembe zake mpaka iguse ukuta, na hapo itasimama. Haitapasuka hata ukiiacha mpaka jioni. Maji yanataka kuendelea kuingia, lakini ukuta unasukuma kwa ndani, na msukumo huo ndani ya seli za mimea unaweza kuwa mara kadhaa ya upepo wa tairi la gari. Jani la mchicha husimama kwa upepo huo wa maji. Ukitia chumvi kwenye kitunguu cha kachumbari ukakifikicha, kile kinachonywea mkononi ni upepo uliotoka; kuta zipo bado, ndiyo maana hakigeuki uji.

Kuna kipande cha tatu ambacho watu hukiruka, nami nakiona ndicho kitamu zaidi. Chovya ngozi nyingine ya kitunguu kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, kisha iweke kwenye slaidi. Rangi imevuja yote, vyumba vimebaki vyeupe. Tia maji ya bahari. Ngoja. Hakisogei kitu. Moto umeuua utando, bawabu hayupo, kwa hiyo hakuna wa kuzuia chumvi isiingie na hakuna kinachovutwa. Ukuta hata habari hauna.

Mtu ataniuliza: mbona mchu unasimama ndani ya maji haya haya kule Tudor na haunyauki? Seli za mimea ya mikoko zimejilimbikizia chumvi na vitu vingine ndani, kwa hiyo bahari haizizidi nguvu, na mchu wenyewe hutoa chumvi ya ziada kupitia majani. Lamba jani lake siku ya jua uone.

Hamira itakudanganya kidogo

Koroga nusu kijiko cha chai cha hamira kwenye glasi ya maji vuguvugu yenye kijiko cha sukari, kama unaandaa mahamri. Iache nusu saa ifure. Chukua tone moja, ulizimue kwa matone kumi ya maji, kwa sababu hamira nzito chini ya hadubini ni ukuta wa watu Likoni saa ya feri, huoni wa kumtazama. Tonyesha slaidi, funika, panda moja kwa moja mpaka lenzi ya 40.

Utaona vidude vya mviringo mrefu, kila kimoja mikromita 5 hadi 10 (mikromita elfu moja ndizo milimita moja). Tafuta kilichobeba kingine kidogo ubavuni. Hicho ndicho kinazaa, kwa kuchipua. Tone la GV iliyozimuliwa hadi iwe rangi ya ribena hafifu litavipaka rangi.

Ukitia maji ya bahari ukitegemea kuona kama kwenye kitunguu, utavunjika moyo. Ukuta wa hamira unanyumbuka. Maji yakitoka, ukuta husinyaa pamoja na seli, kwa hiyo utaona kidude kimepungua ukubwa na si bonge lililojitenga. Huu ni ukuta vilevile. Ushahidi wake utaupata kwenye maji baridi matupu: acha hamira humo siku nzima, haipasuki. Na jambo jingine ambalo mchoro wa kitabu hausemi: kitini ndani ya ukuta wa hamira ni kidogo sana, kama sehemu moja au mbili kwa mia, na kingi kimekaa kwenye makovu ya pale vichipukizi vilipokatikia. Kinachobeba mzigo ni glukani.

Anayetaka nyuzi za kuvu atumie ukungu. Kwa unyevu wa Mombasa, kipande cha mkate kwenye mfuko uliofungwa hakihitaji kubembelezwa. Ufungue mfuko nje, penye upepo, ukiwa umefunika pua. Mwenye pumu aachie mwenzake. Gusisha selotepu juu ya ukungu mara moja tu, ibandike juu ya tone la maji lenye GV kwenye slaidi. Nyuzi ndefu zenye matawi, kila uzi bomba lililozungukwa na ukuta, na vichwa vilivyojaa mbegu ndogondogo. Ukimaliza, mfuko ufungwe tena na utupwe. Usiuache juu ya meza ya chakula.

Shavu lako

Suuza mdomo. Pitisha pamba ya masikio ndani ya shavu mara chache, pasipo kukwaruza. Ipakaze kwenye slaidi, iache ikauke dakika mbili, tonyesha GV iliyozimuliwa, subiri dakika moja, osha kwa maji yanayotiririka taratibu, funika. Ukitumia GV bila kuizimua utapata zambarau tupu na utanilaumu mimi.

Kwenye lenzi ya 10 seli zinafanana na makombo ya chapati: bapa, zimejikunja kingo, kila moja na umbo lake, upana kama mikromita 50 au 60. Katikati kuna kiini kilichokoza. Hazijabanana kama matofali, hazina pembe, na zilizokunjana hubaki hivyo. Vidoadoa vidogo mno juu yake ni bakteria wa mdomoni, ambao wao wana ukuta wa namna nyingine kabisa, wa peptidoglikani. Ukuta huo ndio penisilini huuvuruga usijengeke, na kwa kuwa sisi hatuna kitu kama hicho, dawa hutupita. Fangasi nao hawana peptidoglikani, kwa hiyo antibayotiki ya aina hiyo haiwagusi. Anayepaka mapunye unga wa kapsuli anapoteza kapsuli.

Vitabu vinasema seli ya mnyama ikitiwa kwenye maji baridi hupasuka. Ni kweli, ila usijaribu na seli za shavu ukasubiri mlipuko. Zile ni seli za juu, nyingi zimeshakufa au zinakufa, na zimeimarishwa kwa protini ngumu. Zitakutazama tu. Ukitaka mpasuko, nenda kwenye damu.

Glasi mbili za damu

Hili halihitaji hadubini. Tafuta kijiko kimoja cha damu ya mbuzi kwa muuza nyama unayemwamini, iwe mbichi, na uikoroge kwa kijiti hapo hapo ili isigande. Nyuzi zitajiviringisha kwenye kijiti, zitupe. Vaa glavu, usiwe na jeraha wazi, kwa sababu homa ya Bonde la Ufa hupita kwenye damu ya mifugo. Na damu ni najisi, wala huhitaji mwalimu wa sayansi kukukumbusha: tafuta glasi mbili za kutupwa. Ya kuku sikushauri. Seli nyekundu za ndege zina viini, zikipasuka huacha utelezi unaochafua jibu. Za mbuzi hazina.

Glasi ya kwanza tia maji baridi. Ya pili tia maji ya chumvi ya kiasi cha mwili: kijiko kimoja na nusu cha chai, cha bapa, kwa lita nzima, ambayo ni karibu gramu 9. Dondosha matone matano ya damu kila glasi, koroga kidogo, kisha simamisha gazeti nyuma.

Glasi zote mbili nyekundu. Lakini kupitia ya kwanza utasoma gazeti, herufi kwa herufi, kama unachungulia kwenye sharubati ya rozela. Ya pili ni tope, huoni neno. Kwenye ya pili seli ziko nzima na zinatawanya mwanga. Kwenye ya kwanza maji yameingia, hakuna ukuta wa kusukuma kwa ndani, utando umeachia, na rangi imemwagika ikawa sehemu ya maji. Kitunguu kilikaa kwenye maji yale yale siku nzima. Tofauti ya mmea na mnyama ndiyo hiyo, imesimama mezani kwenye glasi mbili.

(Kuna jaribio maarufu la yai lililolowekwa kwenye siki mpaka ganda likayeyuka, wakisema ile ngozi iliyobaki ni utando wa seli. Siyo. Ni ngozi ya ndani ya ganda. Maji hupita kweli, ila jina wamelikosea.)

Mtego wa kamba

Mwanafunzi mjanja wa pwani huniuliza: mwalimu, kamba na kaa ni wanyama, nao magamba yao yana kitini. Basi wana ukuta wa seli? Anastahili jibu la vitendo. Chukua gamba la kamba mkubwa, lioshe, liweke kwenye siki. Litatoa mapovu, chokaa inayeyuka. Kesho yake litakuwa laini, linapindika kama plastiki nyembamba. Kilichobaki ni kitini na protini, kitini kile kile cha uyoga. Lakini seli za ngozi ya kamba zimekitema nje, kikawa koti moja la mwili mzima, na kamba hulivua anapokua. Chini ya koti hilo kila seli imevaa utando peke yake. Mali ghafi ni moja, jengo ni tofauti.

Sufuria ya mbaazi

Nilipohamia nyumba yenye kisima niliishi wiki mbili nikimlaumu muuza mbaazi. Zilikuwa zinachemka tangu alfajiri, makaa yanaisha, zenyewe zinagonga meno. Kumbe mkosaji alikuwa chini ya miguu yangu. Kisiwa hiki kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, maji ya kisima yanapita ndani yake na kubeba kalisi, na kalisi huikaza pektini.

Pektini ndiyo saruji kati ya ukuta wa seli moja na ukuta wa jirani yake. Mbaazi kuiva maana yake ni saruji hiyo kulegea. Loweka mbaazi kavu usiku kucha, zigawe vikombe vinne sawa, uzipike kwenye moto unaolingana: moja kwa maji ya mvua, moja kwa ya kisima, moja kwa ya mvua yenye chembe ya magadi, moja kwa ya mvua yenye maji ya ukwaju. Kila dakika 15 toa mbaazi tatu katika kila sufuria uzibonyeze kwa vidole. Ya magadi itatangulia. Ya kisima na ya ukwaju zitachelewa, kwa sababu kalisi na ukali zote mbili huishika pektini isiyeyuke. Ndio maana mpishi anayejua hutia ukwaju na nyanya mbaazi zikishaiva. Magadi nayo usiyapende mno, yanaua ladha na vitamini.

Mwenye hadubini asiile ile iliyoiva zaidi yote. Chukua punje, isage kwa kidole kwenye slaidi ndani ya tone la maji, tia tone dogo la iodini, funika. Utaona mifuko ya duaraduara, kila mmoja mzima, umejitenga na mwenziwe bila kuraruka, na ndani yake wanga umegeuka buluu-nyeusi. Saruji imekwenda, tofali limebaki. Ule ulaini unaousikia mdomoni na tui la nazi ni seli nzima nzima zinazoteleza.

Uzi wa leso

La mwisho ni fupi. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo la leso iliyochakaa, uchambue nyuzinyuzi kwa pini ndani ya tone la maji, tazama kwa lenzi ya 10. Ikiwa ni pamba, kila unyuzi ni utepe bapa uliojisokota kila hatua. Ukiona fimbo laini zisizosokotwa, umeuziwa poliesta.

Unyuzi mmoja wa pamba ni seli moja, unywele ulioota juu ya mbegu ya pamba, unaoweza kufika sentimita tatu. Seli imeshakufa, ute umekauka, umebaki ukuta, na zaidi ya asilimia 90 yake ni selulosi. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alipokata kipande chembamba cha koki, ile ya kuzibia chupa, akaona vyumba na kuvipa jina tunalolitumia mpaka leo, naye alikuwa anatazama kuta zilizobaki baada ya wenyeji kufa. Boriti za mikoko zinazobeba dari za Mji wa Kale ni hivyo hivyo, selulosi na lignini ya seli zilizokufa kabla hata nyumba haijaezekwa.

Kuchora na kusafisha

Sasa chora. Seli ya kitunguu mistari miwili, kwa sababu ukuta una unene. Iliyokaa baharini, mistari miwili na bonge ndani, ukiandika maji ya bahari kwenye nafasi ya kati. Hamira mistari miwili iliyokaribiana. Shavu mstari mmoja, usiokatika, usiotiwa kivuli. Andika ukuzaji pembeni: jicho mara lenzi. Penseli iliyochongwa, na usichore usichokiona hata kama kitabu kinacho.

Slaidi za shavu na za ukungu zikae kwenye maji yenye Jik kwa nusu saa kabla ya kuoshwa. GV ikimwagika kwenye meza ipanguse kwa spiriti mara moja, kesho haitoki. Glasi za damu zitie Jik pia, zimwagwe chooni, na zisirudi kabatini.